Kicheko Baada ya Wimbo

Nyumbani, 4 Februari

Kwako mwanangu Kitindamimba,

Kwanza kabisa nakusalimu mimi, na ukishapokea salamu zangu pokea na za wenzio, maana wamenizunguka hapa mezani kila mmoja anataka atajwe. Baba yako anakusalimu, hajambo, ni mgongo tu unamsumbua, ukimuuliza anasema kosa ni la kiti. Shangazi yako anakusalimu, anasema umenenepa kwenye ile picha uliyotuma na usituambie kwamba ni kamera. Jirani wa mlango wa bluu anakusalimu, yule aliyeazima pasi yetu, anakusalimu lakini pasi bado hajarudisha. Mwenye duka la pale kona anakusalimu, anasema ukija usipite kama hukumwona. Na Chiriku, mtoto wa marehemu dada yako, anakusalimu kuliko wote, anataka viatu vinavyowaka taa. Ana miaka minne sasa na mdomo haufungi hata ukiwa na chakula ndani.

Mimi sijambo. Bado nafua mashuka ya nyumba ya wageni. Ulisema nikupigie simu, mwanangu, lakini simu inanikata maneno, na nikiisikia sauti yako nalia, muda wote unaishia kwenye kilio. Barua inanivumilia. Mwandiko wangu unaujua, pale usipoelewa ruka.

Sasa hilo uliloomba. Unasema unatengeneza filamu ya wale wenzake dada yako, wale wa kuimba na kucheza ukumbini, na unataka kaseti yake. Nimeisoma barua yako mara nyingi na bado kuna mahali panagoma kuingia. Eti mtu mwingine atafungua kinywa halafu itoke sauti ya mwanangu? Nilimuuliza shangazi yako, akasema, "Wifi, kwenye filamu hata mtu akifa anaamka kwenda kula." Hilo halikunisaidia.

Unajua ile kaseti ilivyo. Alikuwa anafanya mazoezi jikoni kwangu, tumbo limemjaa, mimi napika. Katikati ya wimbo kifuniko cha sufuria kinaanguka. Mwishoni anaacha kuimba, anacheka kile kicheko chake cha kukatika pumzi, anasema, "Mama, ananipiga teke! Wimbo haujampendeza huyu!" Na mimi najibu, "Mpe chakula, ana njaa huyo." Basi, inaisha hapo. Hakufika mwezi baada ya siku hiyo. Akamleta mtoto, yeye akaenda.

Chiriku hakuwahi kumsikia mama yake kwa njia nyingine. Kila jioni nikishamwogesha anasema, "Bibi, weka Mama." Analala chali anasikiliza, na ikifika pale pa teke anainua miguu yote miwili anapiga blanketi, anacheka pamoja naye. Ndipo analala. Nimempigia hesabu ya kulala bila mama yake nikaona atalia. Lakini baba yako, ambaye unajua habari za ukumbi hataki kuzisikia, amesema, "Mpe. Watu wamsikie." Akatoka nje. Basi nami ni nani?

Naituma kwa dereva wa basi, nimeifunga kwa kitambaa kikavu. Usiianike juani. Usibonyeze kidude chekundu kwenye redio, kile kinafuta. Irudishe mapema.

Mimi mama yako.


Ukumbini, 17 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Na Baba shikamoo, na Shangazi mwambie kweli nimenenepa.

Kaseti imefika salama. Dereva aliiweka mfukoni mwa shati safari nzima, anasema ulimwapisha.

Usije ukafikiri filamu yetu ni kitu kikubwa. Kamera moja ya kuazima, taa tatu, na sisi wenyewe hatujazi meza mbili. Ukumbi tunapewa asubuhi tu, kwa sababu jioni una wateja wake, wale wanaokula mezani huku jukwaani watu wanaimba, wanacheza na kuchekesha. Kabare, ile kazi ya Dada. Sasa wasanii hawa mchana hawaujui. Wanakuja macho yamevimba, wamevaa shanga na manyoya saa za watu kunywa chai. Nikisema "kata" hawakati. Mama Manyoya, aliyekuwa anaimba na Dada, amenijibu, "We mtoto, umeme ulikatika nikamaliza wimbo gizani, sembuse nikatwe na wewe?" Na mchekeshaji wetu kila akitoa mzaha anasubiri watu wacheke. Viti ni vitupu. Jana amevitukana viti.

Nikueleze lile linalogoma kuingia. Wimbo wa Dada utatoka kwenye spika. Mama Manyoya atasimama jukwaani na kufuata kwa midomo tu, yeye mwenyewe hatoi sauti. Ndiyo picha ya mwisho ya filamu. Si kumwiba Dada, Mama. Ukumbi huu haukuhifadhi wimbo wake hata mmoja. Nataka watu wajue kwamba alikuwepo.

Tumeisikiliza wote pamoja. Mama Manyoya alilia mpaka kope za bandia zikadondoka, ikabidi tuzitafute chini ya meza.

Fundi wa sauti anasema ataisafisha kwanza, ina kelele nyingi. Halafu nairudisha.

Kitindamimba wako.


Nyumbani, 25 Februari

Mwanangu,

Wote tunakusalimu kama tulivyopangwa kwenye barua ya kwanza, pasi imerudi.

Nimecheka habari za viti, kisha nikaona huruma. Mwambie huyo mchekeshaji siku moja nitakuja nikae kwenye kiti kimoja nicheke.

Kitu kimoja. Huyo fundi anataka kuisafisha, kwa maji? Mwambie asihangaike, ni safi. Mimi naipangusa kila Jumapili kwa pamba kavu, nje tu, ndani sigusi. Mtu anayeosha mashuka ya watu hawezi kumtumia mwanaye kaseti chafu, jamani.

Chiriku ameanza kuniuliza Mama amekwenda wapi. Miaka yote hajawahi kuuliza. Nimemwambia yuko kazini na mama mdogo. Amesema sawa, lakini analala kwa shida, anataka nimwimbie mimi, na sauti yangu unaijua, ni ya kufukuza kuku.

Fanya haraka kidogo.

Mama.


Ukumbini, 9 Machi

Mama,

Shikamoo, na wote nyumbani nawasalimu. Kaseti hiyo nairudisha, ndani ya kasha lake, na maandishi yako juu kama ulivyoyaandika. Utaona sauti imekuwa nzuri zaidi. Fundi amefanya kazi ya ajabu. Dada yuko kama amesimama chumbani.

Huku kazi ni nyingi! Taa moja imeungua, tumepata nyingine. Nguo ya Mama Manyoya imebana, amesema si yeye aliyeongezeka, ni nguo iliyopungua. Tunafanya mazoezi kila asubuhi. Kila kitu kinaenda vizuri kabisa, usiwe na wasiwasi wowote.

Usiipige kila siku, Mama. Utepe ni wa zamani. Labda Chiriku azoee kulala bila hiyo taratibu, amekuwa mkubwa.

Nakimbia, wananiita.

Kitindamimba.


Nyumbani, 16 Machi

Kwa Kitindamimba wangu,

Salamu. Baba yako hajambo. Shangazi hajambo. Chiriku hajambo, ana mafua kidogo.

Kaseti imefika. Ni kweli, sauti ni safi, hata ile kama mvua iliyokuwa nyuma haipo. Mshukuru fundi, mwambie Mungu amzidishie. Wimbo wote nimeusikia, kila neno.

Nakuuliza kitu cha kipumbavu, unisamehe. Si changu, ni cha jirani wa mlango wa bluu. Mtu akiwa na haraka, mikono ina maji, akabonyeza kile kidude chekundu bila kukusudia, kidogo tu, halafu akakiachia upesi. Kile kilichofutika, mafundi wa huko kwenu wanaweza kukirudisha? Hata kama ni kipande kifupi cha mwishoni? Jirani yuko tayari kuja huko mwenyewe. Amehangaika sana, maskini. Anasema hajui atawaambiaje wenye kitu chao.

Usisumbuke ukiwa na kazi nyingi. Ila ukipata nafasi.

Mama yako.


Ukumbini, 24 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi kwamba imefika.

Mwambie jirani pole, kilichofutika hakirudi. Hata fundi wetu na mashine zake hawezi. Labda kitamfundisha kutoazima vitu vya watu!

Tumepata tarehe. Tunapiga picha mwisho wa Aprili, siku nne tu, ndizo tunazoweza. Nitakuandikia zaidi nikipumua. Chiriku apate nafuu, nambusu.

Kitindamimba.


Nyumbani, 2 Aprili

Kwako mtoto wa kaka yangu,

Mimi si mtu wa salamu ndefu, mama yako alishazimaliza zote. Hajui kama nakuandikia.

Jirani mwenye mikono ya maji ni mama yako.

Siku ile kaseti ilipofika alikuwa ndiyo kwanza ametoka kufua. Chiriku anamvuta gauni, "Weka Mama, weka Mama." Akaiweka kwa pupa. Redio ikakwaruza, akabonyeza huku, akabonyeza kule, hakumbuki alibonyeza nini. Wimbo ukapiga vizuri. Ulipofika mwisho mtoto kainua miguu juu, anangoja lile teke. Kimya. Kabaki na miguu hewani, akamtazama bibi yake. "Rudisha, Bibi." Wakarudisha. Kimya. Wakarudisha tena. Mpaka nilipoingia nikazima mimi.

Tangu siku hiyo anasema kaifuta yeye. Anasema, "Wifi, mwanangu nimemmaliza kwa kidole hiki." Kile kidole hakitumii tena, anashika pasi kwa vidole vinne kama mtu aliyejikata. Chakula anapakua, anakaa nacho, anakigawa. Na barua yako ya utani kuhusu jirani kaisoma amesimama, akaikunja, akasema, "Basi. Hakirudi," akaenda kuanika nguo.

Sasa mimi kichwa changu hakina majani. Nimeisikiliza hiyo kaseti peke yangu. Kifuniko cha sufuria kinachoanguka katikati ya wimbo hakianguki tena, na wimbo pale pale unaendelea. Kidude chekundu tangu lini kikachagua, kikafuta sufuria na kumwacha mwimbaji?

Mtoto wewe, mlifanya nini huko? Mwambie mama yako. Usiniambie mimi.

Shangazi yako.


Ukumbini, 6 Aprili

Mama,

Si kidole chako. Soma hapo tena kabla hujaendelea. Si kidole chako, ni mimi.

Fundi aliingiza kaseti kwenye kompyuta, akachukua wimbo tu. Akaondoa sufuria, akaondoa ile kelele kama mvua, na kila kitu kilichokuja baada ya wimbo kuisha. Kwake vyote hivyo ni uchafu, ndiyo kazi yake, nami sikumwambia kitu. Alichokata alikitupa kwa sababu kaseti yenyewe ilikuwepo, angeweza kuirudia siku yoyote. Kesho yake nilitaka Mama Manyoya aisikie kutoka jukwaani. Nikaiweka kwenye redio ya zamani ya ukumbi. Ikameza utepe. Nilipouvuta ukakatika, nikavuta tena ukatoka kama nyuzi za sweta. Tulijaribu kuunga siku nzima. Haukuungika.

Tukaweka ule wimbo uliosafishwa kwenye kaseti nyingine, nikaipachika karatasi yenye mwandiko wako. Ile uliyoipokea haikuwa yenyewe, Mama. Uliposema imefika na wimbo umeusikia wote, nilifurahi kama mwizi. Nilijiambia wimbo ndio mali na mali imepona. Na habari ya jirani niliijibu mbiombio kwa sababu nilikuwa siwezi kusikia neno kaseti.

Nilikuogopa. Si kipigo. Niliogopa utaniangalia uone kwamba nimekuondolea mtoto mmoja, na aliyebaki ndiye mimi.

Mama Manyoya ananiambia nije nipige magoti. Amesema na jingine. Alikaa na Dada chumba kimoja cha kuvalia miaka mitano, anajua kumwiga. Jana alicheka kile kicheko na kusema yale maneno ya teke, sisi wote tuliokuwa ukumbini tukageuka kutazama mlangoni. Tunaweza kumrekodi, tukaweka na sufuria, na wewe ukajibu "mpe chakula" kwa sauti yako. Chiriku hatajua kamwe. Ukisema ndiyo, inafika wiki hii.

Na ukisema nisitumie wimbo kwenye filamu, nitauondoa.

Nisamehe, Mama.

Kitindamimba.


Nyumbani, 13 Aprili

Mwanangu,

Leo salamu ni zangu peke yangu, wengine nimewafungia nje.

Barua yako niliipata nikiwa napiga pasi. Nilipofika pale pa kidole nilikaa chini juu ya mashuka safi ya watu, nikalia, ikabidi niyafue upya. Kisha nikakasirika, sikufichi. Si kwa ajili ya redio. Redio haina macho. Kilichonichoma ni kwamba siku zote zile nilikuwa naamka najiona mimi ndiye niliyemfanyia mwanangu vile, na wewe jibu lilikuwa mfukoni mwako. Nilitembea uani nikikusema kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Nikamwambia, "Rudi ndani, na wewe umeshasingiziwa vya kutosha."

Lakini unaandika eti nitakuangalia nione aliyebaki ni wewe. Mtoto gani huyu? Mimi nilizaa wawili. Tangu dada yako aende, kila basi likichelewa moyo wangu unasimama kwa sababu yako, na sikuwahi kukuandikia hilo kwa kuwa niliona utacheka. Nilikuwa na wewe hai nikakaa nakusalimia habari za pasi. Kosa hilo tuligawane.

Wimbo tumia. Ule aliwaimbia watu, ni wa watu. Baba yako ameuliza kama ukumbini kuna viti vyenye mgongo mzuri, nikajifanya sijaelewa kwa nini anauliza.

Sasa kicheko. Kile hakuwachekea watu. Alinichekea mimi na huyo aliyekuwa tumboni. Ulipoandika kwamba Mama Manyoya anaweza, siku nzima nilisema ndiyo. Nilishaanza hata kujaribu namna nitakavyosema "mpe chakula" isisikike kama nasoma. Nikaona miguu ya mtoto inainuka, inapiga blanketi, analala. Nilikitaka mno kitu kile, mwanangu, mate yalinijaa kinywani kama mwenye njaa.

Kisha nikamwogesha. Ana kovu dogo gotini, ananionyesha kila siku kama jipya. Nikafikiri, huyu atakua. Atakipenda kicheko hicho, akiwa na huzuni atakikumbuka, atamchekea nacho mwanaye. Halafu siku moja mtu mmoja, wewe au shangazi yako na mdomo wake, atamwambia. Au hakuna atakayemwambia, na atakuwa anampenda mwanamke mwingine anayeitwa mama yake. Mimi nimedanganywa mwezi mmoja tu na nilikuwa siiamini mikono yangu mwenyewe. Yeye nimpe uongo wa maisha?

Kwa hiyo msirekodi. Ila mwombe huyo mama aje. Aje mwenyewe, bila manyoya, bila kope, na wewe uje naye. Akae hapa kitandani kwa mtoto amwambie, mimi si mama yako, mimi ni rafiki yake, nilivaa naye nguo chumba kimoja, na alikuwa anacheka hivi. Amchekee. Amwambie na yale maneno ya teke, mimi nitakuwepo nijibu langu. Mtoto aamue mwenyewe atakipokea au atalia. Tutalia wote, si mara ya kwanza nyumba hii.

Najua tarehe zenu zimekaribia na huyo mama ana kazi kila jioni. Lakini sikia. Jana nilimwekea Chiriku wimbo. Aliusikiliza mpaka mwisho. Hakuinua miguu. Aliomba maji, akanywa, akageukia ukutani.

Usinipangie mpaka filamu iishe. Niletee neno kwa basi la kwanza mnakuja lini, hata kama ni mstari mmoja, kabla mtoto hajasahau alikuwa anangoja nini.

Mama yenu, nyote wawili.